Huyu Siye Fundi Wetu

Mkasi, acha hiyo cherehani uje ukae. Suruali ya watu haitakimbia, na kama mwenyewe ana haraka kiasi hicho mwambie avae ya jana. Mchokonozi, fungua dirisha, kisha uache kugusagusa dawa zangu. Na wewe Karani, binti yangu mkubwa, usisimame mlangoni kama mgeni aliyeleta kadi ya harusi. Njoo huku kwenye sikio langu zima, maana mengi nitakayoyasema leo ni yako, na daftari lako liweke chini. Najua kazi yako ni kutunza kumbukumbu za ofisi nzima, lakini leo huandiki. Leo utasikia kwa masikio yako, na utayaamini bila karatasi.

Sikilizeni basi, nyote watatu. Daktari kanipa maneno mengi ya adabu, nami nimeyapunguza hadi likabaki moja, kwamba safari imefika. Sinung'uniki, chumvi niliyokula inatosha. Lakini kuna jambo la miaka arobaini na mitatu nimekaa nalo kooni, na mama yenu alikaa nalo vilevile mpaka alipotutoka mwaka juzi, akaniachia ruhusa ya kulitoa siku nitakayoona mguu wangu uko njiani. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata iliyobaki ni moja, nayo imeanza kuvuja.

Mimi siye yule mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye hati ya nyumba hii.

Kaa chini, Mkasi. Nimesema kaa. Sina homa, wala dawa hazijanipanda kichwani, na ukitaka kunipima niulize kipimo cha kiuno cha mteja wako yeyote, nitakutajia.

Hadithi ya jengo mnaijua, mmelala nayo na kuamka nayo: ghorofa la maduka karibu na stesheni, lililoporomoka kabla halijapakwa rangi, na baba yenu akachimbuliwa akiwa hai, taya limevunjika, kichwa kimefutika. Yote hayo ni kweli. Msichokijua ni kilichotokea hospitali. Muuguzi aliniuliza jina, nami kichwani hamkuwa na jina, hamkuwa na mama, hamkuwa na njia ya kwenda nyumbani. Lilikuwamo neno moja tu, nikalitoa kwa shida katikati ya bandeji: fundi. Akaliandika kwenye kadi, akaifunga kwenye chuma cha kitanda, akaenda zake akijua amemaliza kazi. Hebu fikirini wenyewe. Mtu katolewa kwenye jengo linalojengwa, anasema yeye ni fundi. Ni sawa na kupotelewa na kuku sokoni ukatangaza kwamba alikuwa na manyoya. Mule ndani mlikuwa na fundi mwashi, fundi bomba, fundi umeme, fundi seremala, na siku hiyo alikuwamo pia fundi cherehani mmoja aliyekwenda kupima madirisha ili ashone mapazia. Mama yenu alikuwa mke wa huyo wa mapazia.

Siku nane alizunguka wodi zote akiangalia nyuso. Siku ya tisa akafika kitanda cha mwisho, akamkuta mtu amefungwa uso mzima, urefu ni ule, weusi ni ule, na kadi imeandikwa Fundi. Akanishika mkono akasema, "Mume wangu, ni mimi." Sasa mtu asiye na jina, akiitwa, huitika. Mimi niliitika.

Mtanihoji, majirani je? Mama yenu na mumewe walikuwa wamehamia mtaa huu miezi mitano tu, na huyo mume, mwenye nyumba hii, alikuwa mtu wa mbali, yatima, hana kaka wala shangazi wa kuja kumkagua. Bandeji zilipotoka na sura ikatoka nayo imepinda, watu wakasema jengo limembadilisha. Nikiongea sauti ngeni, taya hilo. Nikimpita bila salamu jirani tuliyeongea jana, kichwa hicho. Jengo lile lilibebeshwa kila kitu.

Mtu mmoja tu hakudanganyika, naye alikuwa na miaka minne.

Karani, niangalie. Siku niliyoletwa hapa ulikuwa umekaa kwenye kizingiti hicho cha dukani, una kidonge cha uzi mwekundu mkononi. Watu wamejaa, wanalia kwa furaha, wanakusukuma, nenda kwa baba, nenda kwa baba. Wewe ulikuwa ukimwita baba yako Fundi, kama walivyomwita wateja. Ukanitazama, ukatazama miguu yangu, ukarudi usoni, ukasema bila kulia, "Huyu siye fundi wetu." Watu wakacheka. Mama yako akainama akakwambia kwa upole, "Ni yeye, mwanangu. Umesahau tu."

Umesahau. Ndilo neno hilo. Aliyesahau nilikuwa mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na ushei, na aliyeambiwa amesahau ni mtoto peke yake aliyekuwa anakumbuka sawasawa. Wiki nyingi hukuacha. Ulisema fundi wetu anagonga meza kabla ya kukata. Ulisema fundi wetu hali maganda ya matunda. Kila ukisema unaambiwa umeota, umechanganya, wewe bado mdogo, mpaka siku moja ukaja ukaniletea kikombe cha maji ukasema, "Baba, shika." Nyumba nzima ilifurahi. Mimi nilipokea kikombe nikanywa, na moyoni nikahisi kwamba kuna taa imezimwa ndani ya mtoto huyu, nami ndiye niliyezimiwa.

Tangu hapo nikakuona unavyokua. Unafunga mlango, unarudi kuusukuma mara tatu. Unajibu mtihani vizuri, kisha unafuta jibu la kweli na kuandika la jirani. Umekuwa mama wa watu na bado unapiga simu kumuuliza mdogo wako, hivi ile siku mvua ilinyesha kweli? Wenzako wanakutania kwa madaftari yako, na mimi nimekutania pia, Mungu anisamehe, huku najua nani alikufundisha kutojiamini.

Nipe maji kidogo. Kidogo, Mchokonozi, nimeomba maji, sikuomba kuoga.

Kazi ya kushona nilifundishwa na mama yenu, ambaye naye alijifunza kwa kumwangalia mumewe. Suruali zangu za mwanzo zilikuwa na mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi, na mtaa huu ulikuwa na watu waungwana, wakazivaa, ukisimama mlangoni unawaona wanapita wote kama wanapanda ngazi. Mikono yangu ilikataa sindano. Ikawa inatafuta kitu kingine, na siku moja ikakipata.

Jirani wa mbele alijifungia nje, mtoto mchanga yuko ndani na jiko linawaka. Watu wanatafuta shoka. Mimi nikachomoa kibanio kwenye nywele za mama yenu, nikapiga goti, na kabla sijajua ninalofanya kitasa kikalia, mlango ukafunguka. Watu walipiga makofi, halafu makofi yakapoa, wakaanza kunitazama. Nami nilijitazama. Ni mtu gani anayefungua mlango wa watu kwa kibanio? Wanangu, hofu iliyoniingia tangu siku hiyo siwezi kuipima kwa futi. Nilijiona mwizi. Nikawa nikipita mtaani mikono naiweka mfukoni isije ikafanya mambo yake. Wateja wakizungumzia nyumba iliyoibiwa, naingia huku chumbani. Nilikuwa naishi na mtu nisiyemjua, nalala naye, namwogesha, nampa chakula, na mtu huyo ni mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi fundi wa nguo nilikuwa naupindua mwili wangu kila siku kutafuta mshono alikojificha.

Mama yenu alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, lina kufuli dogo linalokwaruza. Miaka saba sikuligusa. Mwaka wa saba, Mkasi una miaka minne na Mchokonozi unatambaa, nikaingia hapa mchana mmoja yeye yuko sokoni, nikalifungua. Nilitaka kujua kama ananijua mimi ni nani, maana alikuwa akinitazama wakati mwingine jinsi mtu anavyotazama kitu alichokiweka vizuri. Ndani nikakuta mkasi wa kukatia nguo, umechongwa alama mbili za msumeno kwenye mpini, na kastabini, kile kikofia cha kidole, imebonyea. Na karatasi ya makaburi: mwili uliopatikana kwenye kifusi baada ya miezi mitatu, mwanamume, hakutambulika. Baadaye mama yenu aliniambia kwamba alikuja na vitu hivyo msimamizi wa kifusi, akitafuta mafundi cherehani mmoja mmoja kuuliza kama wanaijua alama ile.

Kwa hiyo alijua. Alijua tangu mwezi wa tatu baada ya jengo kuanguka. Mumewe amezikwa kwa namba, na aliyeko kitandani ni mtu baki.

Nikarudisha kila kitu. Nikafunga. Na hapa ndipo mikono yangu iliponisaliti, maana kabla ya kufunga, bila kufikiri, nilichukua kichupa cha mafuta ya cherehani nikaliwekea tone moja lile kufuli, likaacha kukwaruza. Fundi hawezi kuacha kufuli linalia. Jioni mama yenu akafungua sanduku, akatoka akanikuta mezani.

"Kufuli limetiwa mafuta," akasema.

"Limetiwa," nikasema.

Akachukua sindano mezani, akatunga uzi. "Haya. Njoo ule, chakula kinapoa."

Hatukulisema tena mpaka alipokuwa kitandani hapa nilipo mimi sasa. Ndipo akaniambia maneno ambayo nimeyashika kuliko yote niliyowahi kuambiwa. "Nilikuchukua kwa makosa," akasema, "nikakubakiza kwa kusudi." Akanieleza kwamba siku ile msimamizi alipoleta mkasi, yeye mwenyewe alitoka chumbani hadi dukani ili anifukuze, akanikuta nimepiga magoti naosha miguu ya Karani iliyojaa tope, na Karani ananielekeza kwa ukali jinsi fundi wao alivyokuwa akiiosha, nami nafuata. Akarudi chumbani akafunga sanduku. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na akaona kazi nimeshaianza.

Mnakumbuka vifungo? Kila Alhamisi mama yenu alikuwa anakwenda kununua vifungo. Chupa kumi na tisa ziko rafuni pale, vifungo vya kuvalisha jeshi, na duka hili halijawahi kushona makoti. Hamkujiuliza hata siku moja. Alikuwa anakwenda kaburini kwa mumewe, akirudi ananunua vifungo vitatu vinne ili asije akawa amesema uongo. Alipotutoka nikaanza kwenda mimi, na mkanicheka, mzee naye amerithi wazimu wa vifungo. Nimemfagilia yule bwana miaka miwili. Nazungumza naye habari za duka, nampa salamu za mwanawe. Nilimwomba radhi nikiwa nimesimama, kisha nikachoka, siku hizi naomba nikiwa nimekaa.

Sasa la mwisho la siri, na hili ni la Mchokonozi. Mwezi ule Karani anaolewa nilikwenda upande wa pili wa jiji kutafuta lesi ya gauni lake. Nikapita kijiduka chembamba kimejaa funguo hadi darini, na miguu ikakataa kuendelea. Ndani kuna mtu ananoa ufunguo, kidole chake kidogo kimepinda kuelekea nje, kama changu, kama chako, Mchokonozi, ambacho bibi mkunga alijaribu kukinyoosha kwa kamba. Ukutani pana picha ya kijana ameshika kitasa kikubwa, na kidole ni kile kile. Nikauliza huyu nani, mkono wangu nimeuficha mfukoni. "Kaka yangu, mzee wangu," akasema. "Fundi vitasa hodari kuliko wote. Alikwenda kuweka vitasa kwenye ghorofa moja, hakurudi." Nikauliza kama aliacha watoto. "Hakuwa na mke wala mtoto," akasema. "Aliniacha mimi."

Basi sikuwa mwizi. Mnielewe, wanangu, miaka ishirini na moja nimejificha mfukoni, kumbe nilikuwa mtu wa halali, na aliyekuwa ananitafuta hakuwa polisi, alikuwa mdogo wangu. Nilitaka kumkumbatia juu ya meza yake. Lakini nikijitaja pale nimejifuta hapa, na wiki mbili baadaye kuna binti anatakiwa kutoka nyumbani ameshikwa mkono na baba yake. Nikanunua kufuli moja, nikamwambia kazi njema, nikaondoka. Kumbukumbu haikunirudia, si siku hiyo wala hadi leo. Najua tu kama mtu anavyojua alizaliwa. La kwanza ni lile la Karani, hilo ndilo kosa langu la pili, na nililifanya kwa mapenzi, lakini kosa lililofanywa kwa mapenzi bado linamliza mtu.

Sogezeni mto. Hivyo, inatosha.

Nyumba hii ni ya baba yake Karani. Mimi sina humu tofali hata moja, na sitaki mnizike huku watu wakigombea kisicho changu. Karani ndiye mwenye neno juu yake. Ninachokuomba, binti yangu, na ukikataa sina kinyongo, duka umwachie mdogo wako ashone, maana ingawa damu yake si ya yule bwana, mkato wake ni wa yule bwana, aliupata kwa mama yenu naye aliupata kwake. Mkasi, meza na cherehani zote mbili ni zako, na ukimdharau dada yako siku moja ujue umekaa kwenye kiti cha baba yake.

Mchokonozi, ulipigwa sana utotoni kwa kufungua makabati ya watu, na aliyekupiga zaidi nilikuwa mimi, kwa woga. Nisamehe. Haukuwa utundu, ulikuwa urithi. Kwenye mfuko wa koti langu kuna lile kufuli. Nenda kwa baba yako mdogo, namba ya duka imeandikwa chini yake. Usimweleze mengi. Weka kufuli mezani, na mkono wako uweke pembeni yake, hicho kidole akione. Mengine atakuuliza mwenyewe. Mwambie kaka yake aliishi. Mwambie... mwambie alipendwa.

Karani. Sanduku ni lako, livute hapo chini ya kitanda ulifungue. Ule mkasi wenye alama mbili ni wako, na ile kastabini. Namba ya kaburi iko ndani, Alhamisi ni zako sasa, na vifungo acha kununua, tafadhali, rafu itaanguka. Mwekeeni yule bwana jiwe lenye jina lake kamili, lile la kwenye hati. Nimrudishie. Limenistiri, na sikulichafua.

Langu mimi msilitafute. Mdogo wangu atawatajia lile la zamani, mlisikie, mfurahi. Lakini kwenye jiwe langu andikeni Fundi. Watu wakiuliza fundi wa nini, waacheni waulize. Ndilo neno nililotoka nalo chini ya mawe, na halikuwa uongo.

Sauti inanikimbia. Subirini... bado.

Wanangu, mlichokijua jana kuhusu mapenzi ya nyumba hii, leo bado ni kweli. Msikae mkikagua kila siku ya zamani mkiuliza ipi ilikuwa ya uongo. Chakula kilikuwa chakula. Nilipowabeba niliwabeba. Mungu awape usingizi mzuri na wateja wenye subira, awape watoto wanaosema wanachokiona, na ninyi awape masikio ya kuwaamini. Mikono yenu ifungue panapofungika. Radhi zangu mnazo zote, sina nilizobakiza.

Karani, leta mkono. Ulisema kweli. Siku ile kizingitini ulisema kweli, na wote tulikuwa tumekosea, na wewe hujawahi kusahau kitu. Niambie sasa. Nimesubiri kukuuliza miaka yote hii. Fundi wenu... alikuwa anagongaje meza?

Usiogope. Chukua hiyo kastabini. Gonga hapo, kwenye ubao wa kitanda.

Mbili... halafu moja.

Ndiyo. Mimi sikuwapo, sikuwahi kumsikia. Wewe ulikuwapo, nami nakuamini.

Gonga tena, mwanangu. Nasikiliza.